Mama Anglais na Unga wa Simi-Simi

Watu wa mtaa wetu pale Mangobo wamenifanya pua yao na macho yao. Kisa? Najua Kiingereza, basi. Bidhaa zinazotoka mashariki, zinazopita Kampala na Butembo hadi kufika soko letu, zimeandikwa Kiingereza, na hapa Kisangani watu walisoma Kifaransa, tena wengine waliishia mlangoni. Kwa hiyo kila kitu wananiletea mimi. Mafuta ya kuchubua ngozi: "Madame, hii inasema nipake mpaka wapi?" Dawa ya minyoo ya mbuzi, ambayo baba mmoja alikuwa ameshampa mke wake akisema ni vitamini. Kopo la samaki lililovimba, limevuja pembeni, na mwenyewe anataka nisome kwanza kabla hajalifungua, tena analifungulia mezani kwangu! Ptuu! Nimeshika uchafu mkononi kuliko daktari. Wananiita Mama Anglais. Jina langu la Priscille limebaki kwa padri tu.

Lakini nasoma. Mtu akikuletea kitu atakachomlisha mtoto wake, huwezi kumwambia umechoka.

Kazi yangu ni kufundisha Kiingereza sekondari, katika shule yenye msingi na sekondari ndani ya uwanja mmoja. Mjukuu wangu Grâce yuko hapo hapo, mwaka wa kwanza wa msingi. Juma lile nilikuwa nawafundisha wa mwaka wa nne maneno ya harufu, maana Kiingereza kina maneno mengi yanayokaa jirani jirani, na mtoto asiyejua kuyatenganisha ataniaibisha siku ya mtihani. Niliandika ubaoni "scent", "smell", "odour", "stench". Nikawaambia: "scent" ni ya ua, au ya mwanamke anayekwenda misa. "Smell" ni harufu yoyote ile. "Odour" ni neno la ofisi, halina hasira, hata daktari analitumia. "Stench" ni panya aliyekufa chini ya kitanda chako na hujui yuko pembe gani. Msichana mmoja akauliza, na choo cha shule ni neno gani? Nikamwambia aende akanuse, arudi aandike mwenyewe. Darasa likacheka, na hapo ndipo nilipoambiwa kwamba préfet, mkuu wa shule, ananiita ofisini.

Préfet wetu, Papa Léopold, ni mtu mwema mpaka aone mgeni aliyeshuka ndani ya jeep. Hapo uti wa mgongo unamlegea. Nilimkuta amekaa ukingoni mwa kiti chake mwenyewe, na kwenye kiti kizuri amekaa kijana anayeitwa Yannick, wa shirika moja la misaada. Alivaa gilet, kizibao cha mifuko mingi, na kujipaka manukato mpaka macho yakaniwasha. Gunia lilisimama kati yao, lenye maandishi ya Kiingereza juu yake.

"Bon, Madame Priscille," préfet akasema, "unajua habari ya cantine."

Nani hakujua? Shirika lilikuwa linatupa unga wa mahindi na soya ili watoto wa msingi wapikiwe uji kila asubuhi. Jumamosi ilikuwa siku ya kufungua, na hotuba na picha. Grâce alikuwa ameimba habari ya uji huo nyumbani mpaka nikamwambia anyamaze. Lakini wakati magunia yanashushwa, baba mmoja aliona tarehe, akasoma mwaka, akaenda kutangaza avenue nzima kwamba wametuletea sumu. Sasa wazazi wamesema: mtoto hata mmoja hatakula, mpaka Mama Anglais asome gunia mbele ya watu wote.

"Donc, basi Jumamosi utasoma," préfet akasema, "na utawaeleza tofauti."

"Tofauti ya nini na nini?"

Yannick akainuka, akaweka kidole juu ya gunia. Alisoma Kampala, Kiingereza chake kinateleza vizuri, siwezi kukataa. "Mama, ona. Hapa wameandika 'best before'. Hawakuandika 'use by'. Hawakuandika 'expired'. Wazazi wanachanganya hayo yote. Wewe mwalimu, unajua hayako sawa."

Nikaangalia. Ni kweli, iliandikwa "best before", na mwezi wa mwaka jana.

Na kilichoniudhi zaidi ni hiki: kijana alisema kweli. "Best before" ni tarehe ya utamu. Mtengenezaji anakuambia kwamba mpaka siku hiyo chakula kitakuwa katika hali yake nzuri. Baada ya hapo ladha inaweza kupungua, lakini hajasema kitakudhuru. "Use by" ndilo neno la hatari: kula kabla ya siku hiyo, ukichelewa shauri yako. "Expired" ni kitu ambacho muda wake umekwisha, hakuna tena mjadala. Nimefundisha hayo miaka mingi. Nikimdanganya mtu juu ya maana ya neno, afadhali niache chaki niende kuuza chikwangue, mikate ya muhogo.

"Fungua," nikasema.

"Kufungua ya nini, Madame?" préfet akauliza. "Tunaongea maneno tu."

"Papa préfet, fungua gunia."

Yannick akakata uzi. Eh, Mungu wangu! Ile harufu haikutoka polepole, ilinirukia. Ilikuwa ya kitu kilicholowa, kikakauka, kikalowa tena. Ndani yake kulikuwa na mafuta yaliyochacha, na juu yake mkojo wa popo. Unga ulikuwa umeshikana mabonge, na mabonge yana ukungu wa kijani. Bilulu, wadudu wa unga, walikuwa wanatembea humo taratibu bila haraka, maana wao ndio wenyeji. Kamoja kakapanda mkononi mwangu. Mate yalinijaa mdomoni, nikatoka barazani nikatema mara mbili, nikarudi.

"Ulilala wapi huu?" nikauliza.

"Simi-Simi," Yannick akasema. "Ndani ya hangari ya zamani, karibu na uwanja wa ndege. Karatasi za ushuru, za douane, zilichelewa."

"Na hangari inavuja."

"Inavuja kidogo. Lakini mama, tusizidishe. Hii ni 'odour' tu. Huwezi kusema ni 'stench'."

Huyu mtoto! Somo langu, ambalo vumbi la chaki yake bado liko kwenye vidole vyangu, ndilo ananirudishia usoni! Nilitamani kumshika kichwa nikiingize ndani ya gunia, akanuse vizuri, halafu anichagulie neno. Kinyaa kilinishika, na sikujua kama ni cha unga au cha yeye. Nikaondoka bila kuaga.

Préfet akanifuata barazani, anafuta jasho. "Madame Priscille, usikasirike. Hatukuombi udanganye. Soma tu, eleza maana, basi. Tukikataa msaada huu, hawa watu hawatarudi tena kwetu. Watapeleka shule ingine."

"Na watoto?"

"Wapishi watachekecha."

"Watachekecha mkojo wa popo, papa?"

Alirudi kwa mgeni wake.

Nyumbani nilimkuta binti yangu Chancelle anapika sombe. Haikuwa na mafuta, haikuwa na samaki, ni majani ya muhogo na maji na chumvi. Mume wake Jérémie alikwenda upande wa Bafwasende kutafuta almasi, akapotelea huko. Kama yuko hai au amepata mwanamke mwingine, hatujui. Mshahara wangu wa ualimu unafika kwa mbio za konokono. Kwa hiyo chungu chetu kilikuwa kinapikwa mara moja kwa siku, na Grâce alikuwa amekonda shingo, sikupenda kumwangalia anapovua nguo ya shule.

Nilimsimulia Chancelle yote, kwa hasira, huku naosha mikono kwa mara ya tatu. Nikamweleza "best before", nikamweleza "use by", nikamweleza yule mpumbavu na "odour" yake.

Chancelle alikoroga sombe. "Sasa mama, kwa hayo maneno yote, batapika ao habatapika?"

"Hawatapika. Mimi nikiwa hai, Grâce hatatia uchafu ule mdomoni."

Akaendelea kukoroga. Nilidhani anakubaliana nami.

Jumamosi asubuhi uwanja ulijaa. Kina mama walikuja na vitenge vya sikukuu, kina baba wakasimama nyuma karibu na bendera, watoto wa msingi wamepangwa mbele wakiwa na vikombe vya plastiki mkononi. Vikombe! Walikuwa wameambiwa walete vikombe. Nyuma ya darasa la sita moshi ulikuwa unapanda. Préfet alishawaamuru wapishi wachemshe chungu kikubwa, ili picha zisichelewe. Grâce aliniona, akaninyooshea kikombe chake chekundu.

Mwenyekiti wa wazazi ni Papa Assumani, mzee wa Kindu, fundi cherehani, mtu wa swala tano, asiyependa kelele. Akasimama, akasema maneno machache: wazazi wana wasiwasi, mwalimu wetu atatusomea, tutamsikiliza. Halafu akaniachia nafasi.

Nikasoma. Nikaandika maneno yale ubaoni, ule ubao mweusi waliotoa nje, nikaeleza moja moja. Nilieleza vizuri, sitajidharau. Nikawaambia: "Ukipika lituma ya ndizi asubuhi, ukaila asubuhi, ni tamu. Ukiila jioni imekauka, lakini hutakufa. Hiyo ndiyo 'best before'. Lakini ukinunua samaki mbichi, ukamwacha juani mpaka kesho, ukamla, utazikwa. Hiyo ndiyo 'use by'." Watu wakaanza kutikisa vichwa. "Ah! Kumbe!" Mama mmoja akamwambia jirani yake, "Unaona? Haiko sumu! Na ule baba alitutisha bure." Nyuso zikafunguka. Yannick alikuwa anatabasamu, amekunja mikono kifuani, simu yake ya picha iko tayari.

Na mimi, nimesimama pale na chaki, nikaona ninachofanya. Nilikuwa nimesema kweli kwa kila neno, na kwa kweli hiyo nilikuwa nauza ule uvundo kuliko mchuuzi wa sokoni. Yesu Maria! Nilijisikia mchafu mpaka ndani ya viatu.

Nikaweka chaki chini. "Hayo ni maneno ya gunia," nikasema. "Tarehe inaongea juu ya unga uliotunzwa pakavu. Haijui kitu juu ya hangari ya Simi-Simi, haijui mvua, haijui popo. Nimeufungua, nimeunusa. Sasa mimi nauliza jambo la kwetu. Mtu akikuletea chakula, anafanya nini kwanza?"

Hakuna mtu wa mji huu asiyejua jibu. Sisi tunaogopa sumu kuliko radi. Hata mama mkwe wako akikuletea maji, anakunywa kidogo mbele yako, ndipo anakupa kikombe. Asipoonja, unaweka chini, na hakuna atakayekulaumu kwa kukosa adabu.

"Anaonja!" watu wakajibu kwa sauti moja.

"Basi aonje."

Mpishi mmoja alikuja mbio na bakuli la uji, analishika mbali na uso wake. Rangi yake ilikuwa ya maji ya mtaro. Juu palielea vidoa vyeusi, na vidoa vile vilikuwa na miguu. Ule mvuke ulipopita mstari wa mbele, kina mama wakainua vitenge mpaka puani.

Yannick akatazama bakuli, akatazama préfet. "Mama, mimi niko na gastrite ya tumbo. Daktari alinikataza mahindi."

"Pole sana," nikasema. "Soya je?"

Watu wakaanza kucheka. Nikampelekea préfet. Papa Léopold akashika tumbo lake. "Madame, unajua niko na sukari."

"Haina sukari hata kijiko, papa. Imekosa hata chumvi."

"Aonje! Aonje!" Sasa ilikuwa uwanja mzima, hata watoto, wanagonga vikombe. Mwisho wake Yannick, kwa haya, akachukua kijiko, akachota kidogo mno, akafumba macho, akaingiza mdomoni. Nilimwona koo lake linakataa. Akavumilia kidogo, mashavu yamejaa, halafu akakimbia nyuma ya mti wa bendera, akatapika juu ya viatu vyake vizuri. Mama yangu! Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mimi pia nilicheka. Nilifurahi furaha mbaya, sitaificha, nikaona nimeshinda.

Papa Assumani akainua mkono mpaka kimya kikarudi. "Bon. Tumeona wenyewe. Mwenye kuleta ameshindwa kumeza, sisi hatutameza. Tunashukuru shirika, lakini warudishe magunia yao. Wapishi, mwageni ule uji."

Nilishuka pale mbele, nikaenda kumshika Grâce mkono. Lori la shirika, lililokuja tena asubuhi hiyo, lilikuwa limeegeshwa kwenye lango, na vijana wa mizigo wakaanza kubeba magunia kuyarudisha.

Hapo ndipo mama mmoja mwembamba, ambaye simjui jina, akawauliza, "Munayapeleka wapi?"

"Kutupa," kijana wa mizigo akasema. "Mtoni. Simi-Simi hawataki tena."

"Yote?"

"Yote."

Yule mama akafungua kitenge chake cha juu, akakitandaza chini, mbele ya gurudumu la lori. "Kama ni kutupa, mutupe hapa kwangu."

Nilidhani ni mzaha. Watu kadhaa walicheka bado, kwa mazoea ya kicheko cha kwanza. Lakini hakuna aliyecheka mara ya pili. Mama mwingine akatandaza chake. Mwingine akamtuma mtoto nyumbani, "Kimbia, lete beseni." Na kabla sijaelewa vizuri, kulikuwa na mstari, mstari mzuri wa adabu, wenye watoto wachanga mgongoni.

Nikakimbia. "Mama zangu! Mnafanya nini? Mmeona mtu mzima ametapika mbele yenu! Ule ni uchafu, umevunda, una mavi ya popo! Mtaua watoto!"

Yule mama mwembamba alinigeukia. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonimaliza. "Madame, asante kwa mafundisho. Lakini ulisema mwenyewe, 'best before' haiko sumu. Nitauanika, nitauchekecha. Ule kijana alitapika sababu yeye alikula asubuhi."

"Nilisema kama umetunzwa pakavu!"

"Ndiyo. Mi nitaukausha."

Utamjibu nini mtu kama huyo? Nilitafuta neno. Mimi ambaye napewa maneno kama wengine wanavyopewa mahari, nilitafuta Kiswahili, Kifaransa, Lingala, sikupata. Papa Assumani alikuja akasimama kando yangu, akasema polepole, "Mwache, mama. Mwenye njaa hana miiko." Nikamwambia aondoke na methali zake. Siku ile nilichukia kila kitu kinachotoka mdomoni mwa mtu.

Na Yannick? Ah, Yannick! Alikuwa amejifuta mdomo, amesafisha viatu kwa karatasi. Aliona mstari, aliona mabeseni, akaona kina mama wanapokea unga mikononi mwa vijana wake. Akatoa simu. Akapiga picha. Akachuchumaa ili apate lori na jina la shirika nyuma ya watu, akapiga tena. Préfet Léopold alikwenda akajiweka pembeni mwa picha, amenyoosha koti. Walikuwa wamepata Jumamosi yao. Nilitema mate chini, mbele ya watoto wa shule, mimi mwalimu.

"Koko," Grâce akaniita mimi bibi yake, akinivuta mkono, "mama yuko kule."

Nikageuka. Chancelle alikuwa ndani ya mstari. Alikuwa amebeba beseni la bluu la nyumbani kwangu, lile ninalooshea mchele tukipata mchele. Alikuwa ameliweka kichwani, anaangalia mbele tu.

Nikamfuata. Nilitaka kumshika mkono nimtoe kwa nguvu, kama nilivyokuwa nikimtoa kwenye madimbwi alipokuwa mdogo. "Chancelle. Toka hapa."

"Mama, tusigombane mbele ya watu."

"Nilikwambia Grâce hatakula ule uchafu. Nilikwambia nini?"

Hapo aliniangalia. Macho yake yalikuwa makavu kabisa. "Uko na kitu ingine ya kumupa leo? Kama uko nayo, nitatoka."

Watu wa mstari waliangalia chini. Walikuwa na heshima, walijifanya viziwi. Nilisimama pale na mkono wa Grâce ndani ya mkono wangu, nikapekua kila kitu nilichonacho nyumbani kwa mawazo, chungu kwa chungu, mpaka nyuma ya mlango. Mstari ukasogea. Chancelle akasogea nao.

Alikuja na unga nyumbani, beseni limejaa. Sikumsaidia kuubeba. Aliutandaza juu ya bati, juani, akakaa kando yake na ungo, anatoa bonge, anatoa mdudu, anatoa bonge. Kuku wa jirani walikusanyika kula bilulu, wakanenepa siku hiyo. Mimi nilikaa ndani na mlango umefungwa, lakini ule uvundo unajua kupita chini ya mlango. Nilijaribu kusahihisha madaftari. Nilikuta mwanafunzi ameandika kwamba "stench" ni harufu ya mtu maskini. Nikafunga daftari bila kutia alama.

Mchana ulipopungua, Chancelle akaukaanga unga ndani ya sufuria kavu mpaka ukabadilika rangi. Akachuma majani ya mchaichai nyuma ya nyumba, akayachemsha kwanza ili harufu ifichwe. Akakoroga muda mrefu. Harufu haikufichika, ilijifunika tu. Chini ya mchaichai bado niliisikia ile hangari. Nilitoka uani kwa sababu ndani palinishinda, nikakaa kwenye kigoda mbali na moto. Chancelle akaniletea mwiko na sufuria, akaviweka miguuni pangu, akasema anakwenda kulala kidogo, kichwa kinamuuma. Hakwenda kulala. Alisimama ndani ya mlango, ametupa mgongo, ameelekeza uso ukutani.

Grâce akakaa chini mbele yangu na kikombe chake chekundu. Nikamjazia. Nilikuwa naomba ndani ya moyo wangu akatae. Niliomba kwa bidii kuliko ninavyoomba kanisani: Mungu, mtoto huyu atapike, aseme ni mbaya, alie, atupe kikombe, ili nipate haki ya kumwaga. Alipuliza. Akanywa kidogo. Akanywa tena, kichwa nyuma, mpaka nikaona koo lake jembamba linapanda na kushuka. Akaingiza kidole ndani ya kikombe, akalamba kilichobaki pembeni, akanitazama anacheka, masharubu ya uji juu ya mdomo.

"Koko, iko tamu. Uniongezee."

Nikashika mwiko. Nikamwongezea.